Shajara ya goti la kulia

Siku 12 kabla ya upasuaji

Nimepachika bawaba za milango kwa miaka thelathini na nne, nyingi nikiwa nimepiga magoti sakafuni, na sasa bawaba inayobadilishwa ni yangu mwenyewe. Gegedu la goti la kulia limekwisha. Kwenye picha ya eksirei mfupa wa paja umekalia mfupa wa ugoko moja kwa moja upande wa ndani, hakuna hata mwanya wa kupitisha ukucha. La kushoto nalo si zima, ila linasubiri zamu yake.

Mimi ni mtu wa vipimo, kwa hiyo nitaandika vipimo. Daftari lina safu mbili, kukunja na kunyoosha. Mtaalamu wa fiziotherapia, dada mdogo kuliko kifungua mimba wangu, amenilaza kitandani na kunipima kwa goniometa, ambayo kwangu mimi ni kipimapembe kilichoota mikono miwili mirefu. Kitovu chake anakiweka ubavuni mwa goti kwa nje, mkono mmoja unaelekea nyonga, wa pili unaelekea kifundo cha nje cha mguu. Sifuri ni mguu ulionyooka kama rula. Nimepata kukunja 104, kunyoosha pungufu 9. Maana yake, hata nikijinyoosha mpaka mwisho wa uwezo wangu, goti linabaki limepinda nyuzi 9.

"Mzee, goti likiingia chumba cha upasuaji limekakamaa, hutoka na ukaidi uleule," ameniambia. Basi mazoezi yameanza leo, sisubiri kupasuliwa. Kukaza msuli wa mbele wa paja, kuinua mguu ulionyooka, kunyanyuka kitini bila kushika popote. Mikono nayo haikusahauliwa: najiinua kwa mikono miwili kwenye kiti chenye egemeo mpaka makalio yaachane na kiti, maana siku za mwanzo mikono ndiyo itakayobeba mwili.

Nyumbani nimekunja mazulia yote yanayoweza kumtegea mtu wa magongo, nimepandisha kitanda kwa vipande vinne vya mbao na nimepigilia mpini wa kushika karibu na choo. Hapo angalau najua ninachokifanya.

Siku ya 1

Jana nimepasuliwa. Sindano ya ganzi ya mgongoni, pazia kifuani, usingizi mwepesi wa dawa. Sauti nilizisikia kwa mbali: msumeno, kisha kitu cha kuchonga, kisha nyundo. Kwa mtu wa kazi yangu zile hazikuwa sauti ngeni, na nadhani ndiyo sababu sikuogopa. Daktari alikwisha kunieleza: ncha ya mfupa wa paja inavishwa kofia ya chuma, kichwa cha mfupa wa ugoko kinawekewa bamba la chuma, na katikati inakaa plastiki ngumu inayochukua nafasi ya gegedu. Vyuma vinashikwa na saruji ya mifupa. Hiyo saruji hukauka palepale mezani, ndiyo maana wanaweza kumsimamisha mtu mapema. Kinachochukua miezi ni nyama, ngozi na mishipa iliyokizunguka chuma.

Na wamenisimamisha kweli. Leo saa nne asubuhi, na fremu ya kutembelea mbele yangu: hatua sita kwenda, sita kurudi. Kichwa kilizunguka, wakanikalisha, tukarudia.

Kinachonisumbua akili si maumivu. Mtaalamu aliniambia niinue mguu ukiwa umenyooka. Nikauambia mguu uinuke. Haukuinuka. Nikautazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyegoma mbele za wageni. Paja lipo, nalihisi, lakini amri haifiki. Akanieleza kwamba msuli haujafa, umefungiwa. Goti likijaa maji na damu, mishipa ya fahamu inaupa msuli wa mbele wa paja taarifa ya kujizuia, na mwezi wa kwanza msuli ule huweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Dawa yake ni kuuamsha kidogokidogo: sukuma nyuma ya goti dhidi ya godoro, kaza, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, kila unapokumbuka.

Zoezi jingine ni jepesi mno mpaka nililidharau: kuchezesha vifundo vya miguu, vidole kuja kwangu, vidole kwenda mbele. Kumbe misuli ya nyuma ya muundi ndiyo pampu inayorudisha damu juu, na damu iliyotuama mguuni huganda. Dawa ya kuzuia kuganda nameza pia, lakini pampu naiendesha mwenyewe.

Siku ya 2

Nimeweka vidole viwili juu kidogo ya pia ya goti, nikakaza. Pia imepanda, kiasi cha unene wa karatasi ya msasa. Nimemwita muuguzi aje aone.

Siku ya 4, nyumbani

Sharti la kuruhusiwa lilikuwa ngazi tatu na kwenda chooni mwenyewe. Kanuni ya ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mgonjwa unatangulia, magongo yakishuka nao. Kila mara mguu wenye nguvu ndio unaofanya kazi ya kuinua au kuushusha mwili. Binti yangu ameiandika kwa chaki ukutani karibu na ngazi, kwa herufi za kumwandikia mtoto wa chekechea. Nimenung'unika, lakini jioni niliisoma mara mbili kabla ya kupanda.

Kukunja 61. Kunyoosha pungufu 13. Mzingo wa goti katikati ya pia, kwa futi kamba ya kitambaa: sentimita 43. La kushoto ni 38. Safu ya tatu hii nimeiongeza mwenyewe.

Siku ya 7

Nilidhani ushujaa ni kupunguza vidonge. Juzi niliruka dozi ya asubuhi, nikaanza kuburuta kisigino kitandani kuelekea makalio, nikakiona cha mtema kuni. Goti lilijikaza lote, nikaishia nyuzi 55. Leo nimemeza dawa dakika arobaini kabla ya zoezi, nikafika 68 bila kutoa machozi. Dawa ya maumivu katika wiki hizi ni sehemu ya vifaa vya kazi. Huwezi kuranda ubao kwa randa butu halafu ukajisifu kwamba umetoka jasho.

Ratiba yenyewe ni hivi: mara tatu kwa siku, kila mara kama dakika ishirini na tano. Baada ya hapo mguu unainuliwa juu ya usawa wa moyo na barafu inawekwa, imeviringwa kwenye taulo, dakika kumi na tano hadi ishirini. Kati ya vipindi, kila saa moja natembea mpaka jikoni na kurudi. Siku inaisha hivyohivyo. Nilidhani nitasoma vitabu.

Siku ya 9

Mtaalamu amekuja kunipima. Kukunja 76, akafurahi. Kunyoosha pungufu 14, akanyamaza. Pungufu 14 ni mbaya kuliko nilivyotoka hospitali, na mbaya kuliko kabla ya kupasuliwa.

Akatazama kitanda. "Mzee, huu mto mdogo unaulalia wapi?"

Nikajaribu kukwepa, nikashindwa. Usiku nauweka chini ya goti. Goti lililovimba linapenda kukaa limepinda kidogo, kwa sababu ndani mnapatikana nafasi zaidi na mvutano unapungua. Ukilipa mto linatulia na unapata usingizi. Lakini saa saba za usiku, kila usiku, nyama za nyuma ya goti zinafundishwa kwamba urefu wao ndio ule. Kovu linajifungia ndani kwa kipimo hicho.

Kisha akanifundisha kipimo kisichohitaji chombo. Kaa kitandani miguu mbele, kaza paja, kisha pitisha vidole vya mkono vilivyolala bapa chini ya goti, kimoja juu ya kingine. Upande wa kushoto vilipita viwili. Upande wa kulia vilipita vitatu na nafasi ikabaki. "Hii ndiyo namba ninayoitaka," akasema. "Kukunja kutakuja."

Mto umehamia chini ya kisigino. Kisigino juu, goti linaning'inia bila kitu chini yake, uzito wake wenyewe unalivuta chini. Dakika kumi, mara nne kwa siku. Dakika ya kwanza unaona ni mchezo, ya sita unaanza kuhesabu mbao za dari.

Siku ya 14

Nyuzi za mshono zimetolewa. Mshono mkavu, hauna usaha wala wekundu unaosambaa. Kukunja 85, vidole viwili na nusu.

Siku ya 17

Leo naandika kwa aibu.

Jirani mmoja aliyewahi kubadilishiwa goti alikuja kunijulia hali. Akaniambia yeye wiki ya pili tu alikuwa keshapita 100. Sikumjibu kitu. Alipoondoka nilichukua mkanda, nikaupitisha kwenye unyayo, nikauvuta mguu kama ninavyobana gundi kwenye fremu ya dirisha. Niliapa kufika 90. Nikafika 91. Nikarudia mara arobaini ili nihakikishe, kisha kwa furaha nikatembea uani bila kuhesabu, labda nusu saa.

Saa mbili usiku goti lilikuwa limejaa mpaka mikunjo ya ngozi imepotea. Linang'aa. Mzingo: sentimita 45 na nusu.

Siku ya 18

Kukunja 72. Nilichokichuma kwa siku kumi kimekwenda kwa alasiri moja. Na paja limegoma tena, mguu hauinuki ukiwa umenyooka, kama siku ya kwanza. Kwa hiyo yale aliyoniambia kuhusu maji na msuli si nadharia. Maji yakiongezeka, swichi inazimwa.

Usiku hofu ilinishika, nikampigia simu daktari. Aliniuliza maswali kwa mpangilio, nami nayaandika hapa kwa ajili ya siku nyingine: Je, muundi umevimba au unauma ukiubonyeza? Unapumua kwa shida, au kifua kinachoma ghafla? Una homa? Mshono unatoa majimaji? Maumivu yanazidi hata ukiwa umetulia? Ningejibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, ningekwenda hospitali usiku uleule. Majibu yangu yote yalikuwa hapana. Goti limechokozwa tu.

Adhabu: siku mbili za barafu, mguu juu, kukaza paja na kunyoosha. Hakuna mkanda.

Siku ya 20

Sentimita 43. Kukunja 80. Mtaalamu hakunigombeza, jambo ambalo ni baya zaidi. Amenipa sheria ya kujipimia: maumivu ya kuvuta wakati wa zoezi yanaruhusiwa, lakini yakiwa bado juu saa mbili baada ya kumaliza, au goti likiamka kesho yake limenenepa, ulizidisha, punguza. Ndipo futi kamba yangu ikapata heshima. Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani napima mzingo, na namba hiyo ndiyo inayoamua kazi ya siku. Ikipanda zaidi ya sentimita moja, siku hiyo ni ya kunyoosha na barafu. Ikishuka au ikikaa palepale, ruksa.

Kuhusu jirani: nimekuja kukumbuka kwamba kabla ya upasuaji yeye alikuwa akikunja mpaka kisigino kinakaribia kalio. Mimi nilianzia 104. Kipimo kizuri cha kutabiri goti litakavyokunja baadaye ni lilivyokuwa likikunja kabla. Tulikuwa tunashindana huku mmoja kaanzia katikati ya uwanja.

Siku ya 26

Silali. Nalala kwa muda wa saa mbili tu, naamka, nageuka, goti linapwita. Hakuna mkao. Mchana nasinzia mezani. Wanasema wiki ya tatu mpaka ya sita ndizo mbaya kwa usingizi. Nimekuwa mkali kwa watu wa nyumbani bila sababu. Binti yangu amesema, "Baba, goti ndilo limefanyiwa upasuaji, si ulimi." Sikucheka wakati ule.

Kukunja 92, vidole viwili na kidogo.

Siku ya 31

Leo nataka kueleza hili la kunyoosha vizuri, kwa sababu mwezi mzima nimelielewa nusunusu, na kila anayekuja kunitazama ananiuliza "unakunja ngapi?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninanyoosha ngapi.

Mguu ulionyooka kabisa unasimama wenyewe. Mfupa umekalia mfupa, kama nguzo, na paja linapumzika. Ukibaki umepinda nyuzi kumi, unasimama kama mlango ulioachwa nusu: lazima kitu kiushike. Kitu hicho ni msuli wa mbele wa paja, uleule uliopoteza nusu ya nguvu zake. Unafanya kazi kila sekunde uliyosimama, hata kwenye foleni. Mguu unakuwa mfupi kuliko mwenzake, unachechemea, kiuno kinaanza kulalamika, na goti la kushoto, ambalo kwangu ni bovu tayari, linabebeshwa mzigo wa mwenzake.

Kukunja kuna mahesabu yake ya kila siku. Kutembea tambarare goti huhitaji kukunja kama nyuzi 65 tu. Ngazi, kati ya 85 na 100, na kushuka kunadai zaidi ya kupanda. Kunyanyuka kwenye kiti cha kawaida kunataka 95 au zaidi. Kwa hiyo kwa 92 yangu maisha mengi tayari yanawezekana, na kila siku ya kukaa, kuvaa viatu na kuingia garini inanikunja bila mimi kutaka. Kunyoosha hakuna shughuli inayokusaidia. Usipokutengea muda, hakuji. Tena dirisha lake ni la miezi ya mwanzo, wakati kovu bado laini.

Zoezi jipya: kulala kifudifudi, mapaja kitandani, miundi ikining'inia nje ya ukingo. Mvuto wa dunia unafanya kazi, mimi nasikiliza redio. Na jingine la kusimama: utepe wa mpira umefungwa kwenye mguu wa benchi langu la kazi, umezunguka nyuma ya goti, nami nasukuma goti nyuma mpaka linyooke huku kisigino kimekaa sakafuni. Benchi ni la mbao ngumu, nimelitengeneza mwenyewe, haliendi popote.

Siku ya 37

Baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda mahali. Wiki nzima nilikuwa napiga nusu duara: mbele mpaka goti ligome, nyuma mpaka ligome, kama mtu anayejaribu ufunguo usio wake. Kiti kimepandishwa juu kabisa, maana kadiri kiti kinavyokuwa juu ndivyo goti linavyokunja kidogo pedali inapofika kileleni.

Leo mtaalamu akasema nizungushe kinyumenyume, ni rahisi zaidi. Nikarudisha nyuma, pedali ikapanda, goti likabana, nikahisi ile sehemu iliyo juu ya pia inavutika kama ngozi ya ngoma. Nikasita. Nyonga ya kulia ikajiinua yenyewe kutafuta nafasi, na mguu ukaangukia upande wa pili. Duara zima. Nikanyamaza, nikajaribu tena, likapita. La tano nikajaribu kwenda mbele, likapita. "Usiinue nyonga," akasema bila kutazama. Ananijua.

Dakika nne. Kukunja 104. Yaani leo nimerudi nilipokuwa siku 12 kabla ya kupasuliwa, isipokuwa maumivu yale ya zamani, ya mfupa kusaga mfupa, hayapo. Haya ya sasa ni ya misuli na ngozi, na yanapungua.

Siku ya 44

Kliniki. Eksirei safi, vyuma vimekaa sawasawa. Kukunja 108, kunyoosha pungufu 3. Daktari alitaja kwamba wale ambao kufikia wiki hizi hawajafika 90 hujadiliwa kulazwa usingizi na goti kukunjwa kwa nguvu ili makovu yaachie. Nilimeza mate.

Ameniruhusu kuendesha gari, baada ya kunipima kama naweza kukanyaga breki kwa ghafla bila kusita, na kwa kuwa vidonge vikali nilishaviacha tangu siku ya 33.

Magongo yameondoka, umebaki mkongojo mmoja. Kila mtu anaushika upande wa mguu mgonjwa, nami pia niliushika hivyo kwa nusu saa. Unashikwa mkono wa upande wa pili. Mguu wa kulia unapokanyaga, mkono wa kushoto na mkongojo unakanyaga nao, na mzigo unagawanyika. Ukiushika upande uleule unajilalia juu ya goti lilelile unalolihurumia.

Kipimo kingine wamenifanyia: kunyanyuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi, kukaa. Sekunde 13. Kabla ya upasuaji ilikuwa 14.

Siku ya 58

Hakuna jipya. 112, pungufu 2. Mzingo 40.

Siku ya 71

Nimegundua najidanganya.

Nilikuwa najisifu kwamba nanyanyuka kitini mara kumi bila kushika. Mtaalamu akaniambia watu wengi waliobadilishiwa goti huendelea kuukwepa mguu ule kwa miezi bila kujua, kwa sababu mwili umejizoeza miaka kuuogopa. Nikabisha. Nilipofika nyumbani nilitafuta mizani mbili za kupimia uzito, nikaziweka sambamba mbele ya kiti, mguu mmoja juu ya kila moja, na nikamweka binti yangu asome ninapokuwa katikati ya kunyanyuka.

Kushoto kilo 48. Kulia 31.

Nikarudia, nikidhani amekosea. 47 na 32. Mguu niliokuwa nauita mzima ndio unaofanya kazi, na huu mpya unasindikiza. Ukinitazama kwa mbele huoni kitu, nimenyooka kabisa. Nimeona aibu ileile ya fundi anayeambiwa mlango wake umepinda na kipimo kinathibitisha.

Basi zoezi la sasa ni hili: mguu wa kushoto nausogeza mbele kidogo, wa kulia unabaki karibu na kiti, ndipo nanyanyuka. Wa kushoto ukiwa mbele hauwezi kudanganya, wa kulia lazima uinue. Kushuka polepole, kwa hesabu ya nne. Mara nane, pumzika, mara nane. Baada ya hapo ngazi fupi: unyayo wa kulia juu ya kipande cha mbao cha sentimita 10, najiinua na kujishusha kwa mguu huo pekee, huku nimeshika benchi. Paja linatetemeka kama mbao nyembamba chini ya msumeno.

Siku ya 92

Mizani: 41 na 38.

Kipimo cha kiti na mita 3: sekunde 9. Napanda ngazi mguu kwa mguu bila kushika. Kushuka mguu kwa mguu bado nashika, kwa sababu kushuka ni kazi ya breki: paja la kulia linaushusha mwili mzima taratibu huku goti likikunja, na hiyo ndiyo nguvu inayorudi mwisho. Maandishi ya chaki ukutani yamefutika yenyewe kwa kuguswa na bega langu kila nilipopita.

Karatasi: nimekaa kitandani, nimeweka karatasi chini ya goti la kulia, nimekaza. Binti yangu akaivuta. Ikachanika.

Siku ya 125

Mambo mawili ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

La kwanza, goti linagonga. Nikigeuka au nikitembea haraka nasikia "tik", chuma juu ya plastiki. Halina maumivu. Wiki ya nane lilinitia hofu kiasi cha kuacha kutembea siku nzima. Misuli inavyokaza, mlio unapungua.

La pili, ngozi ya upande wa nje wa kovu, eneo la ukubwa wa kiganja cha mtoto, imekufa ganzi. Kijineva kinachopita pale hukatwa wakati wa kufungua goti, karibu hakuna namna ya kukikwepa. Eneo linapungua polepole lakini pengine halitaisha lote. Nikijikuna hapo ni kama nakuna suruali.

Na joto. Miezi minne sasa goti la kulia bado ni la moto kuliko la kushoto ukiweka viganja vyote viwili. Daktari anasema mpaka miezi sita ni jambo la kawaida, mradi hakuna homa wala maumivu mapya.

Siku ya 182

Kukunja 119, kunyoosha 0. Mzingo 38 na nusu. Mizani 40 na 39, ambayo kwa mizani zangu za bei rahisi ni sawa.

Daktari alisema kupiga goti hakuharibu chochote, ila wengi hawakupendi. Leo palikuwa na mlango wa kabati wa kufunga bawaba ya chini. Nimekunja blanketi mara nne, nikashika benchi, nikashusha la kushoto kwanza, kisha la kulia taratibu. Hisia yake ni ya ajabu: kama nimepigia goti mguu wa mtu mwingine. Ganzi upande mmoja, mkwaruzo wa kovu upande mwingine, na katikati kitu kigumu kisichosema lolote. Maumivu hayakuwepo. Nimefunga skrubu mbili, nikasimama, nikapumzika, nikarudi kufunga mbili zilizobaki. Kunyanyuka kutoka chini, mguu wa kulia ndio nilioutanguliza mbele, kwa makusudi.

Asubuhi hii mzingo ulikuwa 38 na nusu. Nitapima tena kesho. Kama haukupanda, nina mlango wa pili wa kabati lilelile.

Miadi inayofuata kliniki ni ya mwaka mmoja, na eksirei nyingine. Kuanzia sasa naandika mara moja kwa mwezi, isipokuwa likivimba.